Kuchagua Leseni ya Programu Huria Kabla Mtu wa Pili Hajagusa Msimbo Wako: Mwongozo Kamili

Kwa miaka mitatu programu yangu ya kutunza hesabu za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ilikaa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana msimbo, bila leseni. Inapokea hisa za wanachama, inakokotoa mikopo na faini, na mzunguko ukifika mwisho inamwonyesha mweka hazina mgawo wa kila mtu. Yeyote aliweza kufungua ukurasa na kuusoma msimbo wote, nami niliamini hilo linatosha kuiita programu huria. Kisha ofisa wa TEHAMA wa shirika moja linalolea vikundi vya akina mama akaniandikia: tumeijaribu, tumeipenda, leseni yake ni ipi? Nikamjibu, "Tumia tu ndugu yangu, hakuna shida." Baada ya siku mbili akarudi na habari kwamba mwanasheria wao amekataa. Neno langu kwenye barua pepe halikuwa na uzito wa kumlinda mtu atakayeirithi seva yao miaka mitano baadaye. Zaidi ya hapo, lilikuwa neno langu peke yangu, wakati watu wengine wanne walikuwa wameshachangia vipande vyao.

Nikaanza kuwatafuta. Watatu walijibu wiki ileile. Wa nne, aliyeandika sehemu ya faini za kuchelewesha marejesho, sikumpata kabisa: barua pepe inarudi, simu haipatikani. Ikabidi niifute mistari yake yote na kumwomba mwenzangu ambaye hajawahi kuiona aandike sehemu hiyo upya. Lile shirika halikusubiri.

Kazi hiyo yote ingemalizwa na nusu saa ya siku ya kwanza. Mwongozo huu ni wa nusu saa hiyo.

Kwanza elewa: bila leseni, jibu ni "hapana"

Wasanidi wengi hudhani kwamba kisichoandikwa sharti hakina sharti. Sheria inasema kinyume chake. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, hakimiliki huzaliwa pale unapoiandika kazi, bila kusajili popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na maandishi mengine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka kwenye kundi la kazi za fasihi. Kwa hiyo msimbo wako unalindwa kama hadithi au shairi, na hakuna mwenye ruhusa ya kuunakili, kuubadili wala kuusambaza mpaka wewe useme.

Masharti ya GitHub yanamruhusu mtu autazame mradi wako wa wazi na ajitengenezee nakala humohumo kwenye jukwaa. Yanaishia hapo. Leseni ndiyo sauti yako inayosema "ruksa" usipokuwepo, kwa mtu usiyemjua, katika nchi usiyowahi kufika.

Wapo wanaouliza kama karatasi hiyo ina nguvu mahakamani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, ilishughulikia programu ya kuendesha treni za kuchezea iliyotolewa kwa leseni huria. Mahakama ikakubali kwamba masharti ya leseni ile ni masharti ya hakimiliki, na anayeyapuuza anaweza kushitakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Treni zilikuwa za kuchezea. Hukumu haikuwa ya kuchezea.

Hatua ya 1: Hakikisha unachotaka kukitoa ni chako

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa leseni, jiulize nani mwenye msimbo. Kama umeajiriwa, toa mkataba wako wa kazi usome kipengele cha kazi za ubunifu. Mara nyingi ulichokiandika ukiwa kazini ni mali ya mwajiri, hata kama uliandikia mezani kwako usiku. Omba ruhusa kwa maandishi. Sentensi mbili zenye jina la mradi, jina la leseni na sahihi ya mkubwa wako zinatosha. Kama ni kazi ya mteja, angalia mlikubaliana nini kuhusu umiliki. Kama ni mradi wa chuo, uliza idara.

Kisha tafuta vipande ulivyookota. Majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, yako chini ya leseni ya Creative Commons yenye sharti la kutaja jina na kuendeleza leseni ileile, kwa hiyo mistari 40 iliyonakiliwa humo si yako kuigawa utakavyo. Kiandike upya kwa akili yako, au kitafutie kibadala.

Hatua ya 2: Soma leseni za maktaba ulizoingiza

Hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Mradi mdogo tu wa JavaScript unaweza kubeba maktaba mia kadhaa, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine, bila wewe kuzijua kwa majina. Kwa Python kuna zana iitwayo pip-licenses, kwa JavaScript kuna license-checker. Uziendeshe, upate orodha, uisome yote.

Unachotafuta ni leseni zinazolazimisha kazi itakayotokana nazo ifuate masharti yaleyale. Leseni ya aina hiyo ifikirie kama chumvi kwenye mchuzi: ukishaitia, huwezi kusema nusu ya sufuria ni ya chumvi na nusu si ya chumvi. Ukiingiza kipande cha GPL, leseni mashuhuri ya aina hiyo, ndani ya programu yako kisha ukaisambaza, programu nzima inatoka kwa masharti ya GPL. Kipande cha MIT, leseni fupi isiyolazimisha, hakina tabia hiyo. Kinaingia karibu popote, mradi ubakize jina la mwenyewe na maandishi yake.

Kuna mgongano mmoja unaowanasa wengi. Msimbo wa Apache 2.0, leseni nyingine isiyolazimisha, unaweza kuingia kwenye mradi wa GPL toleo la 3, ila hauwezi kuingia kwenye mradi wa GPL toleo la 2 pekee. Na kinyume chake hakipo kabisa: GPL haiingii kwenye mradi wa Apache ukaendelea kuuita wa Apache. Ukikuta hali hiyo kwenye orodha yako, umepata jibu la swali la leseni kabla hata hujaanza kuchagua.

Hatua ya 3: Amua kama atakayefuata atapata haki zilezile

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wanapokimbilia "weka tu MIT" bila kufikiri. Leseni huria zinazotambuliwa na Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998, ni nyingi. Usihangaike nazo. Zote zinamruhusu mtu kutumia, kusoma, kubadili na kusambaza, bure au kwa kuuza. Zinatofautiana kwenye swali moja: mtu akiuchukua msimbo wako, akauboresha, akampa mwingine, je, huyo mwingine atapata haki zilezile?

Kundi la kwanza linajibu: si lazima. Humo mna MIT, BSD na Apache 2.0. Mtu anaweza kuchukua kazi yako, akaiongeza, akaifunga na kuiuza kama siri yake, alimradi jina lako limebaki kwenye maandishi ya leseni. Mfumo wa PlayStation 4 umejengwa juu ya FreeBSD, mfumo endeshi wenye leseni ya BSD, kwa njia hiyo. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Andrew Tanenbaum, profesa wa Uholanzi aliyeandika mfumo wa MINIX kwa ajili ya kufundishia na kuutoa kwa leseni ya BSD. Mwaka 2017 iligundulika kwamba Intel wameuweka ndani ya chipu zao, unaendesha kompyuta chungu nzima duniani. Tanenbaum aliwaandikia barua ya wazi: hawakulazimika kumwambia, leseni haikudai hivyo, ila ingekuwa uungwana kumjulisha. Kabla ya kuchagua kundi hili, jaribu kuvaa viatu vyake. Ukiona moyo wako ungetulia, au hata ungefurahi, leseni hii ni yako. Ukiona ungeumia, usiichague kwa sababu tu ni fupi.

Kundi la pili linajibu: ndiyo, lazima. Wasanidi huziita leseni za kopilefti, na mama yao ni GPL. Aliyeiasisi ni Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Toleo la kwanza la GPL lilitoka mwaka 1989, la pili 1991, la tatu 2007. Kiingereza kilimtesa Stallman, maana neno lao moja, "free", linabeba "huru" na "bure" kwa pamoja, na ameeleza tofauti hiyo maisha yake yote. Sisi Kiswahili kimetupunguzia kazi. Programu ya GPL ni huria. Bei yake ni suala jingine, na unaruhusiwa kabisa kuiuza. Usichoruhusiwa ni kumuuzia mtu kisha ukamnyima msimbo wake na haki ya kuubadili.

Nguvu ya sharti hilo ilionekana kwenye ruta ya Linksys WRT54G. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ndani yake mnaendeshwa Linux, mfumo endeshi wenye leseni ya GPL, na msimbo haujatolewa. Kampuni ikabanwa, ikautoa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unafufua ruta zilizotelekezwa na watengenezaji wake. Kama Linux ingekuwa na leseni ya kundi la kwanza, kusingekuwa na wa kumbana mtu.

GPL ina mlango mmoja ulioachwa wazi. Inadai msimbo pale programu inaposambazwa, yaani inapotoka mikononi mwako kwenda kwa mwingine. Mtu akiiweka kwenye seva yake na kuwauzia watu huduma kupitia intaneti, programu haijatoka mikononi mwake, kwa hiyo hadaiwi kitu. AGPL ya mwaka 2007 inaufunga mlango huo: ukiibadili programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, watumiaji hao wana haki ya kuupata msimbo uliobadilishwa.

Katikati ya makundi hayo mawili kuna leseni za mpaka. LGPL inalinda maktaba yenyewe, lakini inairuhusu programu ya mtu mwingine iitumie maktaba hiyo bila kulazimika kufunguka. MPL 2.0 ya Mozilla, iliyotoka mwaka 2012, inaweka mpaka kwenye faili: mafaili yako yaliyoguswa lazima yabaki wazi, mafaili mapya yaliyowekwa pembeni yao ni hiari ya mwenyewe.

Mifumo mitatu inayotumika kwetu inaonyesha njia hizi zikiishi bega kwa bega. DHIS2, iliyojengwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na inayokusanya takwimu za wizara za afya Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, ni BSD. Mkandarasi yeyote anaweza kuifanyia marekebisho bila kudaiwa ayarudishe. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, ni MPL 2.0 iliyoongezewa kanusho la masuala ya afya. Kiini chake kinabaki wazi, ila moduli ya pembeni mtu anaweza kuifunga. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, inatumia AGPL kwenye jukwaa lake la sasa. Anayeiendesha ikiwa imebadilishwa anapaswa kuwaonyesha watumiaji amebadili nini. Zote tatu zimeenea duniani. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kopilefti inaua mradi, au kwamba leseni za kundi la MIT ni za watu wasiojali, mwonyeshe hizi.

Kwa daftari la VICOBA nilichagua AGPL. Fedha ya mama anayeweka hisa ya shilingi 2,000 kila wiki inakokotolewa na programu ambayo hataiona kamwe. Inaishi kwenye seva ya mtu. Nilitaka kikundi kikishuku hesabu, kiwe na haki ya kuomba msimbo uliozikokotoa. Lakini kile kimaktaba kidogo cha kukokotoa riba nilikitenga na kukipa Apache 2.0, kwa sababu nataka kila mtu akitumie, hata benki, na kikikosewa turekebishe mahali pamoja.

Ukiniuliza bila kunieleza mengi: maktaba au zana ndogo, Apache 2.0; mfumo wa mtandaoni unaogusa maisha ya watu, AGPL toleo la 3; programu ya kompyuta ya mezani ambayo hutaki ifungwe, GPL toleo la 3. Programu ya iPhone ifikirie mara mbili kabla ya kuipa GPL, kwani mwaka 2011 VLC, programu ya kuchezea video, iliondolewa kwenye duka la Apple baada ya mmoja wa wasanidi wake kulalamika kwamba masharti ya duka yanapingana na leseni hiyo.

Hatua ya 4: Fikiria hataza

Hakimiliki inalinda maandishi ya msimbo. Hataza inalinda uvumbuzi, namna kitu kinavyofanya kazi, na mtu anaweza kukupa msimbo kwa mkono wa kulia kisha akakudai hataza kwa wa kushoto. MIT na BSD za kawaida hazitamki lolote kuhusu hataza. Apache 2.0 ya mwaka 2004 inatamka: kila anayechangia anakupa ruhusa ya hataza zake zinazohusu mchango wake, na ukimshitaki mtu kwamba programu hiyo inavunja hataza yako, ruhusa uliyopewa inakufa. GPL toleo la 3 na MPL nazo zina ulinzi huo. Kama mradi wako utachangiwa na wafanyakazi wa kampuni, hiyo ndiyo sababu ya kuipendelea Apache kuliko MIT ingawa ni ndefu zaidi.

Mwaka 2017 Facebook walikuwa wakiitoa React, maktaba yao ya kujengea kurasa za wavuti, kwa BSD yenye kiambatisho chao wenyewe cha hataza. Jumuiya ililalamika, taasisi ya Apache ikakataza isiingizwe kwenye miradi yake, na mwezi Septemba React ikahamia MIT. Kampuni kubwa yenye wanasheria wake iliona ni heri leseni ya kawaida kuliko ya kujitungia.

Hatua ya 5: Tazama majirani

Ukiandika kiongezi cha WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, leseni imeshachaguliwa: WordPress ni GPL toleo la 2 au la baadaye, na wenyewe wanataka viongezi viendane nayo. Kiongezi cha QGIS, programu ya ramani, vivyo hivyo. Maktaba nyingi za lugha ya Rust hutolewa kwa MIT na Apache 2.0 kwa pamoja, mtumiaji achague. Ukifuata desturi ya jirani, watu wanachukua kazi yako bila kuuliza. Ukienda kinyume, uwe na sababu.

Hatua ya 6: Usitunge ya kwako

Najua kishawishi hiki, nimekutana nacho kwa wasanidi wengi vijana. Mtu anataka kuandika: "Ruksa kutumia, isipokuwa kwa biashara." Au: "Isitumiwe na watu wabaya." Nia ni njema, lakini matokeo yake ni kwamba hakuna anayethubutu kuigusa.

Linux yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1991 muasisi wake, Linus Torvalds, aliitoa na sharti kwamba isisambazwe kwa fedha. Watu waliotaka kuwanakilia wenzao kwenye disketi wakakwama, maana hata kurudisha gharama ya disketi ilikuwa marufuku. Mwaka 1992 akahamia GPL, na baadaye akasema huo ni miongoni mwa uamuzi bora aliowahi kufanya. Nayo leseni ya JSON, yenye sentensi inayotaka programu itumike kwa wema na si kwa uovu, ilikataliwa na Debian, mradi unaosambaza Linux, na taasisi ya Apache, kwa sababu hakuna anayejua nani atapima huo uovu.

Sharti la "si kwa biashara" linawaumiza kwanza wale usiowakusudia. Shirika lisilo la faida linalotoza ada ya mafunzo ni biashara? Fundi wa Kariakoo anayewafungia wateja mfumo wako kwa shilingi 50,000 ni adui yako? Kama hofu yako ni kampuni kubwa kuifunga kazi yako, AGPL inaijibu hofu hiyo kwa maneno yanayofahamika na wanasheria wa dunia nzima.

Hatua ya 7: Iweke mahali pake

Unda faili liitwalo LICENSE kwenye shina la mradi, yaani folda yake kuu, usilipe jina jingine, kwa maana GitHub na zana nyingine hulitafuta kwa jina hilo. Bandika maandishi kamili ya leseni kama yalivyo, kwa Kiingereza chake. Unaweza kuandika muhtasari wa Kiswahili kwenye README, faili la maelezo ya mradi, na ninakusihi uuandike, ila sema wazi kwamba kinachofunga ni maandishi ya awali. Kwa MIT jaza mwaka na jina la mwenye hakimiliki. Watu huisahau mistari hiyo ikabaki na mabano yake.

Juu ya kila faili la msimbo ongeza mstari mmoja:

`SPDX-License-Identifier: AGPL-3.0-or-later`

Faili likinakiliwa peke yake kwenda mradi mwingine, mstari huo unasafiri nalo. Linux walianza kuitumia njia hii kwenye msimbo wao mwaka 2017. Angalia mwisho wa alama yenyewe: "only" maana yake ni toleo hilo tu, "or later" inamruhusu mpokeaji atumie hata toleo litakalotoka baadaye. Linux imebaki na toleo la 2 tu kwa makusudi. Mimi nachagua "or later", kwa sababu sitaki kuwatafuta watu tena.

Kisha andika jina la leseni kwenye README na kwenye faili la maelezo ya kifurushi, kama package.json au pyproject.toml.

Hatua ya 8: Weka utaratibu wa wachangiaji

Kila anayekutumia mchango anabaki na hakimiliki ya mistari yake. Hiyo ndiyo iliyonikwamisha kwenye faini za marejesho. Kwa mradi mdogo utaratibu unaotosha ni ule wa Linux wa mwaka 2004: mchangiaji anaandika `git commit -s`, na mstari wa Signed-off-by wenye jina lake unaingia, akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa mchango huo kwa leseni ya mradi. Liandike sharti hilo kwenye CONTRIBUTING, faili la maelekezo kwa wachangiaji, uliandike kwa Kiswahili kama wachangiaji wako ni wa kwetu.

Kampuni nyingi hupenda mkataba kamili ambao mchangiaji huisainia kampuni haki pana zaidi. Usome kabla ya kusaini. Elasticsearch, injini ya utafutaji, mwaka 2021 na Terraform, zana ya kuandaa seva, mwaka 2023 ziliweza kuziacha leseni huria kwa sababu wachangiaji walikuwa wameshasaini mikataba ya aina hiyo. Jumuiya zikajibu kwa kuchukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria na kuendelea nao: OpenSearch upande mmoja, OpenTofu upande wa pili. Hapo utaona uimara wa leseni: mwenye hakimiliki anaweza kubadili matoleo yajayo, lakini alichokwisha kukitoa hawezi kukinyang'anya.

Na bila mkataba, kubadili ni kutembea mlango kwa mlango. VLC walipotaka kuihamisha injini yao kutoka GPL kwenda LGPL, kuanzia mwaka 2011, waliwatafuta wachangiaji mmoja mmoja kwa mamia kuomba idhini. Walifanikiwa. Ilikuwa kazi ya miezi mingi.

Visivyokuwa msimbo

Leseni za programu hazifai kwa kila kitu kilichomo kwenye mradi. Miongozo, picha na masomo yape Creative Commons, kwa mfano CC BY 4.0 inayodai kutajwa jina, wenyewe Creative Commons wanashauri leseni zao zisitumike kwa programu. Fonti zina leseni yao, SIL Open Font License. Data ni dunia nyingine: ramani za OpenStreetMap, pamoja na mitaa ya Dar es Salaam iliyochorwa na vijana wa Ramani Huria, ziko chini ya ODbL, leseni huria ya hifadhidata, tangu mwaka 2012, na ukizichanganya na data yako uisome kwanza. Jina na nembo ya mradi ni alama ya biashara, hazitolewi na leseni ya msimbo. Kama hutaki nakala iliyobadilishwa itembee kwa jina lako, liseme hilo kwenye README.

Kipimo cha mwisho

Mpe mtu asiyeujua mradi wako kiungo chake, umwombe ajibu maswali matatu ndani ya dakika mbili: leseni ni ipi, mwenye hakimiliki ni nani, nikitaka kuchangia nifanye nini. Usimsaidie. Mahali atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Nilipolifanyia zoezi hili daftari la VICOBA, dada aliyenipimia alikwama swali la kwanza. README ilisema AGPL, faili la LICENSE likasema AGPL, lakini package.json ikasema ISC, leseni nyingine ya kundi la kwanza. Nilipouanza mradi, `npm init`, amri ya kuanzishia miradi ya JavaScript, ilijaza neno hilo yenyewe, nami sikuwahi kulitazama. Kwa mwanasheria wa shirika lolote, hizo ni leseni mbili zinazogombana ndani ya mradi mmoja. Nilibadili mstari huo, nikatoa toleo jipya jioni ileile, kisha nikamwandikia tena yule ofisa wa TEHAMA.